Kocha aliyeacha timu ya ushindi akaenda kwenye timu ya 9-19: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha kocha mkuu wa mpira wa kikapu wa wanawake katika Daraja la Kwanza la NCAA (shirika linalosimamia michezo ya vyuo), ngazi ya juu ya michezo hiyo nchini Marekani. Jina lake limeondolewa, pamoja na majina ya vyuo vyake, wachezaji na wapinzani. Miaka na matokeo yameachwa kama yalivyo. Kazi ya kocha ikisimuliwa bila tarehe hugeuka hadithi ya bidii na subira, na hadithi hiyo haimsaidii mtu aliyekabidhiwa timu mbovu leo asubuhi. Anayeufuatilia mchezo kwa karibu atakisia ni nani. Si neno.

Mazingira

Wapenzi wengi wa kikapu Afrika Mashariki waliufahamu mfumo wa vyuo vya Marekani kupitia Hasheem Thabeet, aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa 2009. Upande wa wanawake mfumo ni uleule, ila ni mchanga zaidi. Sheria ya 1972 ijulikanayo kama Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na michezo ikaingia humo. NCAA yenyewe ilianza kuandaa mashindano ya taifa ya wanawake msimu wa 1981-82.

Kocha wetu alipanda ngazi katikati ya mabadiliko hayo. Akiwa mwanafunzi na mchezaji, alikuwa akikaa pembeni kutazama mazoezi ya timu ya wanaume ya chuo chake, iliyofundishwa na mtu aliyesifika kwa ukali na kwa nidhamu ya mpangilio. Alisaidia kufundisha bila mshahara huku akisoma shahada ya pili. Kisha akawa kocha mkuu wa chuo kidogo kwa misimu miwili, akashinda michezo 42 na kupoteza 14. Akahamia chuo kikubwa cha Kati-Magharibi: misimu mitano, ushindi 110, vipigo 37. Mwaka 1985 timu yake ilifika hatua ya nane bora ya taifa.

Mwaka huohuo akaondoka. Chuo alichokwenda, pwani ya magharibi, kilikuwa kimetoka kushinda michezo 9 na kupoteza 19. Watazamaji walikuwa wachache. Zaidi ya hayo, ofisi ya udahili ya chuo hicho haikuwa na mlango wa nyuma kwa wanamichezo: mchezaji aliomba nafasi kama mwanafunzi mwingine yeyote, na kamati ingeweza kumkataa hata kama kocha amemfuatilia miaka miwili. Baba yake mwenyewe alimwambia ni kichaa, na kwamba miezi mitatu haitapita atakuwa hana kazi, amerudi kuishi nyumbani.

Hesabu iliyofanya uamuzi uwe na maana

Kwa nje uamuzi ulionekana wa kihisia. Ukiupima kwa soko la wachezaji la wakati ule, ulikuwa na hesabu ndani yake.

Mwaka 1985 msichana hodari wa miaka 17 hakuwa na ligi ya kulipwa ya kuiwaza nyumbani kwao. Majaribio ya kuanzisha ligi za wanawake yalikuwa yamekwama, na WNBA ingeanza kucheza 1997. Chuo ndicho kilikuwa kilele cha safari yake ya mchezo, au karibu na kilele, kwa hiyo alichoondoka nacho ni shahada. Chuo chenye jina kubwa la kitaaluma kiliweza kumtoa binti upande mmoja wa nchi kwenda upande mwingine, maana mzazi ambaye asingekubali mwanawe avuke nchi kwa ajili ya mpira angekubali kwa ajili ya cheti kile. Vyuo vingi shindani vilitegemea jimbo lao na majirani. Hiki kingeweza kutafuta nchi nzima, lakini kati ya wachezaji wachache tu.

Hapo ndipo kisa kizima kilipo. Udahili mkali ulikuwa kizuizi na chujio kwa wakati mmoja, na kocha aliamua kuutumia kama chujio.

1985 hadi 1987: kulipa gharama

Msimu wa kwanza: 13-16. Wa pili: 14-14. Kwa mtu aliyezoea kushinda mara tatu kati ya nne, hii ni miaka mirefu. Tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo makocha wengi wanapofukuzwa au wanapojiharibia.

Tuanze na hesabu ya kikosi. Timu ya wanawake ya Daraja la Kwanza ilikuwa na nafasi 15 za ufadhili kamili. Mchezaji hukaa miaka minne, kwa hiyo kwa wastani nafasi tatu au nne tu hufunguka kila mwaka. Kocha anayefika majira ya kuchipua hukuta usajili wa mwaka ule umekwisha, kwani wachezaji bora husaini wiki moja ya Novemba. Maana yake msimu wa kwanza anacheza na wachezaji wa mtu mwingine, na msimu wa pili ana kundi lake moja tu, tena la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Timu huanza kuwa yake msimu wa tatu, na huiva wa tano, lile kundi la kwanza linapofika mwaka wa nne. Hakuna mbinu ya mazoezi inayofupisha ratiba hiyo.

Kinachoweza kuharibika ni haraka. Kocha akijaza nafasi zote mwaka wa kwanza kwa wachezaji wa wastani ili ashinde michezo mitatu zaidi, nafasi hizo zinabaki zimefungwa miaka minne. Mchezaji mkubwa akitokea mwaka wa pili, hakuna ufadhili wa kumpa. Afadhali nafasi mbili zibaki wazi na benchi liwe jembamba.

Usajili wenyewe, katika chuo chenye udahili wa namna hii, hupinduliwa. Mahali pengine kocha humwona mchezaji, humpenda, kisha huuliza alama zake. Hapa karatasi ya matokeo huja kwanza. Mchezaji akiwa mwaka wa pili wa sekondari, kocha huomba alama zake na orodha ya masomo anayochukua, kwa sababu alama nzuri katika masomo mepesi hazitoshi, na masomo yaliyorukwa mwaka wa pili hayalipiki mwaka wa nne. Mtihani wa kuingilia chuo hufanywa mapema ili ukienda vibaya urudiwe. Fomu na insha huandikwa na mchezaji mwenyewe, na hupelekwa wakati wenzake wa vyuo vingine bado hata hawajazifikiria, ili jibu lipatikane kabla ya Novemba. Ubora wake uwanjani hupimwa sambamba, na mara nyingi orodha inakuwa imebaki fupi sana kiasi kwamba kocha mkuu anaweza kumtazama kila mmoja kwa macho yake.

Kosa la kawaida ni kumtegemea mchezaji mmoja kwa nafasi moja. Kamati ikimkataa Oktoba, wa pili na wa tatu kwenye orodha wamekwisha kuahidi kwingine, na timu inaingia msimu bila mchezesha timu. Kwa kila nafasi inafaa wawepo wawili au watatu waliokwisha kuonyesha kwamba kimasomo wanaweza kuingia.

Mwaka 1986, baada ya ule msimu wa 13-16, kocha alimsajili mlinzi aliyekulia umbali mfupi kutoka chuo kimoja cha kusini kilichokuwa miongoni mwa vinara wa taifa. Binti huyo alivuka nchi nzima kujiunga na timu iliyokuwa ikipoteza. Yeye na mshambuliaji mmoja mtupaji wa mbali, wa kundi lilelile, ndio waliokuwa mhimili wa kila kilichofuata. Mwaka 1987 wakaongezwa wengine wawili wa kiwango hicho.

Jambo jingine la miaka hiyo linatajwa kwa nadra. Kocha alihama pamoja na msaidizi aliyekuwa mchezaji wake chuo cha awali. Msaidizi wa namna hiyo halazimiki kufundishwa lugha ya mazoezi. Anaijua kwa mwili wake. Alikaa naye zaidi ya miaka 30.

1987-88: mstari wa pointi tatu

Msimu wa tatu timu ilishinda 27 na kupoteza 5. Mtu akiona 14-14 ikifuatiwa na 27-5 hutafuta muujiza. Kulikuwa na mambo mawili ya kawaida yaliyokutana. La kwanza ni kwamba kundi la 1986 lilikuwa sasa mwaka wa pili. La pili ni kwamba msimu huohuo NCAA iliingiza mstari wa pointi tatu katika mchezo wa wanawake.

Makocha wengi waliuchukulia mstari huo kama pambo. Timu hii ilikuwa na watupaji wa mbali tayari, na ilicheza kwa kasi. Mpinzani aliyezoea kujaza watu chini ya kikapu alilazimika kutoka nje kukaba, na akitoka, njia ya kupenya inafunguka. Hatuwezi kusema kocha aliwasajili watupaji kwa sababu alijua mstari unakuja. Tunachoweza kusema ni kwamba kanuni ilipobadilika hakuwa na haja ya kubadili kikosi.

Msimu wa nne: 28-3. Wa tano, 1989-90: 32-1, na taji la taifa kwa ushindi wa 88-81 katika fainali. Fainali hiyo ilichezwa katika mji wa kile chuo kinara cha kusini, karibu kabisa na nyumbani kwa yule mlinzi. Taji la pili lilikuja 1992, wakati kundi la mwanzo limekwisha kuhitimu. Mimi hulihesabu hilo la pili kuwa ushahidi mzito zaidi: la kwanza linaweza kuletwa na kundi moja lenye vipaji, la pili linaonyesha kwamba mtambo wa usajili unafanya kazi.

1995-96: mwaka wa kuuachia usukani

Timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ilipata shaba kwenye Olimpiki ya 1992, kisha shaba tena kwenye mashindano ya dunia ya 1994, safari hii chini ya kocha huyu mwenyewe. Shirikisho likaamua kuwaweka wachezaji pamoja mwaka mzima kabla ya Olimpiki ya Atlanta. Kocha akaombwa kuongoza, kwa sharti la kuacha chuo msimu mzima.

Hofu ilikuwa wazi. Kocha wa chuo asipoonekana mwaka mmoja, anawapoteza wachezaji wa sekondari walio mwaka wa tatu na wa nne, yaani makundi mawili ya usajili yanayumba. Chuo kikaweka makocha wakuu wawili wa muda kwa pamoja: yule msaidizi wa siku zote, na mwingine aliyekwisha kutwaa mataji ya taifa mahali pengine. Mmoja alibeba mwendelezo, mwingine alibeba mamlaka ya mtu ambaye amewahi kukaa kiti kile. Timu ikashinda 29 na kupoteza 3, ikafika nne bora. Timu ya taifa nayo ilicheza michezo 52 ya maandalizi na 8 ya Olimpiki bila kupoteza hata mmoja, baada ya safari za zaidi ya kilomita 160,000. Wawili kati ya wachezaji wa kikosi hicho cha dhahabu walikuwa wale wa kundi la 1986.

Makocha wawili wenye cheo sawa kwa kawaida ni njia ya haraka ya kuigawa timu. Hapa ilifaa kwa sababu tarehe ya mwisho ilijulikana tangu siku ya kwanza na mwenye timu angerudi. Bila tarehe hiyo, wachezaji huanza kuchagua upande.

Machi 1998

Kipigo hiki huwa kinafupishwa kuwa "mkosi". Si sahihi sana.

Timu ilipangwa ya kwanza katika kanda yake, ikicheza raundi ya mwanzo nyumbani dhidi ya timu ya 16, ya mwisho. Ilikuwa haijapoteza nyumbani michezo 59 mfululizo. Siku chache kabla ya mchezo, washambuliaji wawili wa kikosi cha kwanza waliumia goti, kano ileile ya mbele, mmoja baada ya mwingine. Wapinzani walikuwa na mfungaji aliyeongoza taifa kwa wastani wa pointi. Akafunga 35. Matokeo yakawa 71-67, na hapo timu ya 16 ikaishinda timu ya kwanza kwa mara ya kwanza katika historia ya mtoano wa NCAA, wanaume na wanawake.

Magoti ni bahati mbaya. Kilichofuata ni suala la muundo. Wote wawili waliocheza eneo la mbele walipotoka, hakukuwa na mtu wa kumkaba mfungaji yule wa wapinzani kwa dakika 40, na pale mbadala alipokuwa akichoka timu ilibaki na ukabaji wa dharura. Chujio la udahili lililoleta wachezaji bora ndilo lililofanya benchi liwe gumu kujazwa, maana mchezaji wa nane na wa tisa walipaswa kupita mlango uleule mwembamba kama nyota. Msimu uliofuata uliisha kwa 18-12. Timu ilikaa hadi 2008 bila kufika nne bora.

Baadaye, kwa kifupi

Kutoka taji la pili hadi la tatu ilipita miaka 29. Kati yake kulikuwa na nne bora tano mfululizo, 2008 hadi 2012, na mabadiliko ya mpangilio wa mashambulizi kwenda ule wa pembetatu, ambao unafaa wachezaji wanaosoma mchezo haraka.

Taji la 2021 linastahili mistari michache. Mwishoni mwa Novemba 2020 kaunti ya chuo ilipiga marufuku michezo ya kugusana kwa sababu ya UVIKO-19, na timu ikaishi hotelini kwa zaidi ya wiki tisa, ikitumia ukumbi wa kaunti jirani kama nyumbani. Nusu fainali ilishinda 66-65, fainali 54-53. Safari hii benchi lilikuwa pana, na mchezaji bora wa hatua ya mwisho alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Udhaifu wa 1998 ulikuwa umezibwa.

Kocha alistaafu Aprili 2024 akiwa na ushindi zaidi ya 1,200 katika misimu 45. Kiti kikachukuliwa na mtu aliyekuwa mchezaji wake, kisha msaidizi wake kwa miaka mingi.

Kilichofanya kazi, kilichokwama

Uamuzi wa 1985 ulifanikiwa kwa sababu kocha alilinganisha kile chuo kinachoweza kuuza na kile wachezaji wa wakati ule walichokosa. Angeweza kutazama orodha ya matokeo tu, na 9-19 ingemfukuza. Swali la maana lilikuwa: je, chuo hiki kina kitu ambacho majirani hawawezi kukinunua?

Subira ya misimu miwili ilifanikiwa kwa sababu uongozi wa michezo uliomwita uliijua kazi iliyomngoja. Kocha anayekubali timu ya namna hii bila kupata mapema makubaliano ya angalau misimu minne anajikaanga kwa mafuta yake. Makubaliano hayo yasiishie kwenye mshahara: yataje bajeti ya safari za usajili, idadi ya wasaidizi, na nani katika ofisi ya udahili atakayesoma alama za mchezaji mapema na kutoa maoni ya awali. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo linaloamua kama kocha atapoteza miaka miwili kwa mchezaji asiyeweza kuingia.

Kilichokwama ni upana wa kikosi, kwa takriban muongo mzima. Pia tusisahau kwamba miaka mitano ya ujenzi ilitangulia kanuni ya 1991 iliyoweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki na siku moja ya mapumziko. Kocha wa leo anayetaka kuiga kasi ile ana saa chache zaidi za kuifundisha.

Je, kisa kinaweza kurudiwa?

Kwa sehemu. Hesabu ya makundi ya miaka minne imevunjika. Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo wa kielektroniki wa kujisajili kwa uhamisho. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje msimu, na tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena ilimradi masomo yake yako sawa. Tangu Julai 2021 anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Kocha mpya leo haruhusiwi kusema "nipeni miaka mitano", kwani jirani yake amebadilisha nusu ya kikosi kwa majira mamoja ya kiangazi.

Kwa chuo chenye udahili mkali tatizo ni la kalenda. Mwaka 2025 dirisha la uhamisho lilifunguliwa Machi, mtoano ukiwa bado unaendelea, na wachezaji bora huahidi ndani ya siku chache. Kamati inayopokea wahamiaji wachache mno wa shahada ya kwanza haiwezi kujibu kwa siku chache. Kinachobaki ni wahitimu wanaokuja kwa shahada ya pili na msimu mmoja uliobaki, kundi dogo linalogombaniwa na kila mtu. Wakati huohuo mlango wa kutokea uko wazi: baada ya msimu wa 2023-24 timu hii ilimpoteza senta wake kwa WNBA na mshambuliaji wake tegemeo kwa chuo kingine. Machi 2025 haikuitwa kwenye mtoano wa taifa, mara ya kwanza tangu 1987, ule msimu wa 14-14.